Gogo alikuja kumfukuza tegu wa Mwanaidi

Jamani, leo nusura tufukuzwe nyumba kwa sababu ya mjusi!

Binti yangu Mwanaidi anafuga tegu, mjusi mkubwa kama kenge wa kwetu Tanga. Anamwita Sultani.

Asubuhi Gogo, yaani bibi, huyu mama mzee wa Kizulu mwenye nyumba tuliyopanga huku ugenini, kaja amefura: "Mjusi atoke leo, au mtoke nyote!"

Mwanangu akapiga goti, akamwamkia kwa Kizulu safi, akampa yai la kuchemsha kwa mikono miwili. "Gogo, mlishe mwenyewe."

Sultani akala taratibu, kisha akajilaza miguuni pa Gogo.

Eish! Gogo akacheka.

Jioni karudi na trei ya mayai: "Ya Sultani. Ninyi msiguse!"

Huyo ndiye mwanangu, semeni mashaallah!

Ila mimi sijawahi kumgusa huyo mjusi. Gogo asijue.