Mlango wa Pili wa Ukumbi

Tulipanga ukumbi wenye mlango mmoja, na kamati nzima hakuna aliyefungua mdomo. Mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na mkwe hapa senta, na kila mmoja alijua.

Nianze na maji. Ziwa lilipopanda lilikula shamba la mama yangu, halafu choo, halafu nyumba. Senta yetu ndogo, kando ya barabara karibu na Kisian, iko juu kidogo, kwa hivyo watu wa ufuoni walikuja kwetu, kila mtu na godoro lake na kuku wake. Kiwanja cha mpira kikaachiwa vyura. Mama alikodi chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga unga. Nyumbani kwangu kulikuwa na chumba kitupu, pale pale karibu, lakini kwetu mama halali katika nyumba ya mume wa binti yake. Nilimsihi wee. Aliniangalia kama nimemtukana.

"Maji yamenichukulia nyumba, nyathina," aliniambia, yaani mtoto wangu. "Sasa unataka yanichukulie na heshima?"

Huyu alikuwa mwanamke wa kelele. Aliuza omena, dagaa wa ziwani, miaka na miaka, na kwenye ajua, bao letu la mbegu, aliwafunga wanaume huku akiwacheka. Sasa akawa anakaa kitandani akitazama mabati ya ukuta. Mvua ikinyesha, matope meusi hayapitiki kwa miguu mibovu kama yake. Jua likiwaka, chumba ni tanuri. Wenzake wa ufuoni walikuwa wametawanyika, wengine Bondo, wengine Manyatta kwa watoto wao. Akaanza kunijibu kwa kichwa tu. Niliogopa. Nimeona wazee wakiuawa na kimya, na daktari hana dawa yake.

Ndiyo maana mimi ndiye niliyesema tutafute mahali penye paa, pa kuchezea na kukaa pamoja mwaka mzima, masika na kiangazi. Wenzangu wa kamati walifikiria watoto: kuruka kamba, netiboli, meza ya tenisi. Nami niliongea habari za watoto, tena kwa sauti. Lakini moyo wangu ulikuwa kwa mtu mmoja, sitadanganya.

Tulipewa ghala la zamani la pamba. Familia moja ya Kihindi ya Kisumu ndio wenyewe, na pamba haijaingia humo tangu sijui lini. Wakasema tusafishe, tutumie. Tuliingia na chaki, tukachora mipango yetu sakafuni. Hapa watoto. Hapa drafti. Pale televisheni ya mpira wa Jumamosi. Kule ukutani mikeka ya wazee, na ajua yao. Chumba kimoja kikubwa, na lango moja la chuma ambapo malori yalikuwa yakiegeshwa kinyumenyume. Mtu mmoja alilalamika kwamba lango limeshika kutu. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, akasema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Tukacheka, tukaendelea na mengine.

Mume wangu ni seremala. Alitengeneza meza zote, na baadaye akachonga bao la ajua, akalisugua msasa mpaka likateleza mkononi. Hakusema ni la nani, nami sikuuliza. Yeye na mama hawakuwahi kupeana mkono. Hawakuwahi kula meza moja. Akipita nyuma ya ile mashine ya unga alikohoa kutoka mbali, ili mama aingie ndani, au mama akohoe naye abadilishe njia. Salamu zao zilipitia kwangu, na walipendana hivyo hivyo.

Siku ya kuujaribu ukumbi ilinyesha. Mama alivaa nguo yake ya kanisani, akajipaka mafuta, nikamshika mkono chini ya mwavuli. Njiani aliongea. Aliuliza kama mbegu za ajua ni za kutosha, na kama kuna mtu wa maana wa kumfunga. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Tulipofika langoni, ambapo kwa ile kutu palifunguka upenyo wa kupita meza moja tu, mume wangu alikuwa amepiga magoti katikati ya njia, anagongelea mguu wa meza. Nyundo ilimzuia kutusikia. Alipoinua macho, mama alikuwa mbele yake. Yeye hawezi kutoka bila kumgusa, mama hawezi kuingia bila kumruka. Mtu mzima mwenye ndevu akageukia ukuta na nyundo yake mkononi, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Mama naye akageuka.

"Mama, mvua," nilisema.

Alikuwa ameshaingia mvuani. Ndipo nilipowaona wengine waliojibana chini ya paa la nje: mzee ambaye mke wa mwanawe alikuwa ndani, na mwanamume aliyemwona mama mkwe wake ameketi kwenye mkeka. Kila mmoja alingoja mkwe wake atoke.

Jioni nilimfokea mume wangu. "Si ungetoka tu?"

"Ningetokea wapi?" akasema.

Kwenye kikao kilichofuata nilisema waziwazi. Watu wakatazama viatu vyao, maana wakwe wengine walikuwa mumo humo.

"Mama, mambo mengine hayasemwi kikaoni," mwenyekiti akaniambia kwa upole.

"Ndiyo sababu watu wananyeshewa, Mwalimu."

Walikubali. Tungetoboa mlango wa pili upande wa nyuma na kujenga ukuta wa kugawa ukumbi, ili kila mtu apate upande wake. Kazi akapewa mume wangu. Lakini masika hayana huruma, saruji ilichelewa kukauka, na mafundi waliitwa kwingine. Kila asubuhi mama aliniuliza, "Wamefika wapi?" Ndilo swali pekee alilobaki nalo. Namwambia bado kidogo. Halafu akaacha kuuliza, nikajua.

Alifariki kabla fremu ya mlango haijawekwa. Tulimzika sehemu ya juu ya shamba la marehemu baba, iliyobaki kavu, maji yakionekana pale chini. Mume wangu alisimama mbali na kaburi, anavyotakiwa mkwe, na alilia akiwa kule kule mbali peke yake.

Siku hizi ukumbi umejaa. Akina mama wakwe huingia kwa mlango wa nyuma, wanakaa upande wao, na ajua ile wanaicheza vibaya kabisa. Mama angewafunga wote. Kuna siku kicheko chao nakipenda. Kuna siku natamani kuwafukuza.

Jioni, watu wakishaondoka, mimi na mume wangu huenda kufunga. Yeye huanzia mlango wa nyuma. Hasukumi. Husimama hatua chache kutoka hapo, anakohoa, anasubiri. Mara ya kwanza nilitaka kumwambia kwamba ndani hakuna mtu. Sasa nasubiri naye, halafu tunaingia.