Siku Niliyowafuturisha Watu Jua Halijazama

Mpaka leo nikipita msikitini kwetu Ikwiriri nashika upande wa pili wa barabara, maana ile aibu haijaisha, ni watu tu wamechoka kuisimulia.

Nilikuwa fundi redio (fundi kweli, siyo wale wa kuipiga redio makofi), na msikitini nilikuwa nimewafungia saa ya umeme ya taa nyekundu, ile inayojua yenyewe saa za sala, nikaiunganisha na king'ora juu ya paa, kikilia magharibi watu wanafuturu. Ramadhani imeshaanza, radi ikapiga, saa ikafa. Kuifungua nakuta aisii kubwa ya miguu arobaini, ambayo ndiyo akili ya saa nzima, imepasuka mgongo, basi nikapanda basi mpaka Kariakoo, tukalisukuma kwenye tope mara mbili, nikarudi na nyingine mpya, namba zilezile.

Nikaichomea, saa kimya. Nikapima umeme, volti tano zipo, nikapima mguu mmoja mmoja, nikaanza tena kutoka mwisho kuja mwanzo, kila kitu kizima na haiwaki hata taa moja. Nikaing'oa nikaichomea upya, labda risasi ya kuchomea haikushika, wapi. Aisii mpya, namba ileile, umeme unafika, sasa inataka nini? Na shehe kila akitoka kusalisha anapita dirishani kwangu, "Fundi, vipi?" nami, "Bado kidogo, shehe" (kidogo hiyo ilifika siku ya nne).

Lakini aliyeniumiza roho ni mama. Alikuwa ametoka kuugua, miaka miwili hajafunga, na mwaka huo kaweka nia amalize mwezi mzima bila kukatika hata siku moja, na nyumbani hana redio, anafuturu kwa king'ora changu.

Nikakumbuka kwamba Bwana Hamadi, mnunuzi wa ufuta, ana saa kama ile kwenye ghala lake, aliinunua Mombasa ikawa pambo tu. Nikamwomba, nikang'oa aisii yake nikaipachika kwenye ya msikiti, ikawaka palepale. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini kuukuu inafanya kazi na mpya haifanyi. Mimi nikairekebisha saa kwa kufuata redio, nikaenda kuoga.

Jioni hiyo wingu zito, mvua imetoka kunyesha, king'ora kikalia, watu wakasema bismillahi, tende, uji, shehe mwenyewe akanywa, na mzee mmoja akaniombea dua nzito mbele ya watu. Tukasali, tukatoka barazani kula mihogo, ndipo wingu likapasuka upande wa magharibi na jua likatokea, limebaki kipande. Hakuna aliyetafuna.

"Fundi," shehe akasema taratibu, "lile nini?"

"Jua, shehe."

"Haya. Saumu ya leo tutailipa sote."

Baadaye sana fundi mmoja wa Kariakoo ndiye aliyenieleza, huku anacheka, kwamba aisii za namna ile hutoka dukani tupu, hazijui kitu mpaka mtu aziandikie kazi ndani, na ile ya Hamadi iliandikiwa saa za sala za Mombasa, ambako mwezi ule jua huzama mapema kuliko kwetu kama dakika kumi hivi. Mimi siku nne nilikuwa natafuta ugonjwa kwenye waya.

Jioni ile nilipofika nyumbani mama alikuwa amekaa na kikombe chake cha uji, habari zimeshamfika. Nikamwambia, "Mama, ni siku moja tu, utailipa baada ya Idi."

"Mlango ulikuwa wazi," akasema. "Niliona kabisa bado mchana. Nikasema king'ora ni cha mwanangu, labda ni macho yangu, maradhi yameyachosha."

Tangu siku ile, kifaa kikiwaka mkononi mwangu na sijui kwa nini kimewaka, simrudishii mwenyewe.