Ujumbe wa Chumvi ya Shangazi Zuhura

Jamani, hili nalisimulia nikiwa nimejifunika uso, maana aibu yake haijaisha, na kosa ni langu peke yangu, si la mashine.

Shangazi Zuhura ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaopika kwenye harusi hapa Bagamoyo, na mimi (msomi wa kompyuta wa ukoo, eti) nilikuwa nimewaundia programu ya kuwatumia zamu za mapishi kwa simu, nikisaidiwa na akili mnemba. Alishanitangaza mpaka Makurunge: "Mtoto wa kaka yangu huyo, mtaona!" Nikiharibu, anaumbuka yeye.

Asubuhi ya kuwaonyesha, wameshakaa mkekani barazani kwake, naona tarehe zinaruka siku moja. Nikakumbuka kosa hilo mimi na akili mnemba tulishalitibu mwezi uliopita. Hapo ningefungua dirisha jingine, nikauliza kwenye mazungumzo ya zamani hilo moja tu, nikarudi na jibu. Wapi! Kwa uvivu na haraka nikayamwaga mazungumzo yote, mwezi mzima wa maneno, ndani ya yale ya siku ile, nikamwambia, "Limo humo humo, rekebisha." Kichwa kikamjaa, maskini. Tarehe akarekebisha kweli, ila akabeba na ujumbe wa majaribio niliowahi kuuandika humo kwa utani, akauweka mahali pa ujumbe wenyewe, nami bila kusoma nikabonyeza tuma.

Simu zikalia mkeka mzima. Shangazi hakuwa na miwani, akampa simu jirani yake, Bi Mwajuma, amsomee kwa sauti.

"Zamu yako ni Jumamosi," akasoma Bi Mwajuma, sauti ikipungua. "Mwenyekiti asiguse chumvi."

Ya Rabi! Nilitamani ardhi inimeze.

"Mwenyekiti si mimi?" akauliza Shangazi. "Mwajuma, pilau yangu inazidi chumvi?"

"Bi Zuhura," akajibu taratibu, "sisi tunakupenda."

Shangazi akawatazama mmoja mmoja, wote wameinamisha vichwa, kisha akacheka mpaka ushungi ukamdondoka. "Miaka yote mnagugumia maji mnaninyamazia, mnangoja kompyuta ije iniambie!"

Programu wakaipokea. Mimi nimekoma: nikitaka jambo la zamani nauliza pembeni, nachukua hilo moja, mengine nayaacha yalale. Ila adhabu yangu ipo, kila harusi Shangazi ananiita jikoni mbele ya wote, ananipa upawa. "Onja, mwanangu, si wewe uliyesema?"

Naonja. Wallahi bado imezidi, nami namwambia, "Iko sawa, Shangazi."