Maua ya Maboga ya Mama Odeta

Sisi tuliokulia Katubuka miaka ile wakimbizi walipokuwa wakiingia Kigoma kwa wingi, ukitutajia maua ya maboga mate yanatujaa mdomoni. Bibi yangu aliyachuma alfajiri yakiwa na umande, akayapika pamoja na majani yake kwa mawese na dagaa wachache. Watoto wa siku hizi ukiwawekea ua kwenye sahani watakuuliza kama ni pambo.

Mama Odeta alitufikia kutoka Burundi na kitenge kimoja begani. Kwenye pindo la kitenge alikuwa amefunga fundo, na ndani ya fundo mna mbegu za maboga kutoka shambani kwa mama yake. Bibi akampa chumba cha uani wakati akisubiri kupelekwa kambini. Mbegu zote alizipanda nyuma ya jiko, hakubakiza hata moja. Alisema zikizaa, atakuwa na kitu cha kurudi nacho kwao.

Mmea ulitambaa mpaka juu ya paa la jiko. Nakumbuka nikilala chali kwenye mkeka mchana, maua ya njano yananichungulia, upepo wa ziwani unayatikisa polepole, nami nasinzia nikiamini yananipungia mimi.

Bibi alikuwa mwangalifu na mmea wa mgeni. Ua lenye kiboga kidogo nyuma yake hakuligusa. Alichuma yale yenye kikonyo kitupu, akisema hayo hayana kazi. Mama Odeta alikula nasi na kushukuru. Lakini viboga vilianza kugeuka njano na kuanguka, naye akawa anaviokota na kuvishika kiganjani muda mrefu.

Asubuhi moja akasema, "Mama, leo mniachie mboga nipike mimi."

Akapika majani matupu.

"Mboga gani hii haina maua?" Bibi akanung'unika, na kesho yake akaenda kuchuma mwenyewe.

Wiki hiyohiyo mwalimu wetu wa sayansi alikuja darasani na maua mawili ya boga. Lenye kikonyo kitupu ni dume, alisema, lina chavua. Nyuki asipoichukua akaipeleka kwenye ua jike, kiboga hakikui, kinaanguka. Jioni nililikariri somo lote mbele ya sinia, kwa majivuno ya mtu aliyegundua mwezi. Bibi akabaki na tonge mkononi, akamgeukia Mama Odeta.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Na ukayala?"

"Nilikuwa mgeni wenu."

Bibi alirudisha tonge kwenye sinia. Iliniuma, na bado inaniuma nikimkumbuka mama yule akitafuna taratibu kitu alichotaka kurudi nacho nyumbani. Kuanzia kesho yake Bibi alikaa na kigoda chake kando ya mmea, akitufukuza sisi na kuwakaribisha nyuki. Waliingia maua haya, wakatokea kwenye yale wamejaa vumbi la njano miguuni. Boga moja likashika. Kabla halijakomaa, lori likaja likamchukua Mama Odeta kumpeleka kambini.

Boga lilipokomaa, Bibi alizikausha mbegu zake kwenye ungo, akazihifadhi kwenye kibuyu chenye majivu. Kila msimu alipanda, akavuna, akahifadhi tena. Maua tulikula machache tu, nyuki wakishamaliza kazi yao. Miaka baadaye, wakimbizi walipoanza kurejea kwao, Mama Odeta alipita kuaga akielekea bandarini. Bibi alilishika pindo la kitenge chake, akafunga fundo mwenyewe.

"Murakoze cane, mama," Mama Odeta alimshukuru kwa Kirundi, akilia.

Siku hizi mbegu nanunua kwenye pakiti yenye picha. Ninapoishi nyuki hawaji, hivyo asubuhi nachuma ua dume nalipaka kwenye jike kwa mkono, huku mwanangu akicheka na kunirekodi kwa simu. Maboga yanazaa, ila ladha siyo ile. Bibi alipofariki nilikitafuta kibuyu chake ili nianze upya. Nilikuta majivu matupu. Mbegu zote alikuwa amezifunga kwenye lile fundo, hakubakiza hata moja.