Miguu Mirefu Jikoni kwa Mama

Nafundisha baiolojia Makambako, na walimu wenzangu walinicheka mno kwa ajili ya mdudu mmoja. Anafanana na mbu aliyerefushwa miguu, ila hang'ati mtu. Nilimkuta kwenye mwamba unaochuruzika maji karibu na kwa mama, nje kidogo ya Njombe. Nikampigia simu mtaalamu wa wadudu. Akanijibu kwa upole wa kuudhi, "Mwalimu, jamii hiyo Njombe haipo. Niletee dume mzima, mwenye miguu yote, ndipo tuzungumze."

Mwenye miguu yote! Mdudu huyu ukimgusa tu, anakuachia miguu mkononi. Basi nikaamua kuwalea tangu wakiwa viluwiluwi. Niliowapeleka Makambako walikufa wote. Kwa upepo ule na vumbi lile, nani angepona? Waliobaki niliwaweka kwenye beseni, nikalifunika kwa chandarua, nikamwachia mama.

"Wakae hapa barazani, mama. Wasiguswe."

Maji ya mwambani yalikuwa yameshachepushwa kwenda kwenye vinyungu, zile bustani zetu za bondeni za kiangazi. Hawa wangekufa, ningebaki mwongo mpaka mvua zirudi.

Jumamosi nafika, beseni halipo. Mama kalihamishia jikoni, kando ya mafiga. Huku kwetu kitu chochote kinachosuasua husogezwa motoni: togwa, kifaranga, mtoto mwenye mafua.

"Baridi hii ya Julai? Nimewaonea huruma, mwanangu."

"Mama jamani! Umeniulia!" Nililia palepale uani, tena kwa sauti.

Halafu nikaingia jikoni. Lo! Chandarua kizima kilikuwa kimejaa miguu mirefu. Joto lilikuwa limewaharakisha, wakatoka wote na mabawa yao, na miongoni mwao dume, kakamilika. Nilicheka huku machozi hayajakauka, na mama akanitazama akidhani nimerukwa na akili.

Nilimsafirisha dume yule kwa mtaalamu kwenye kichupa, kama yai. Siku aliyonipigia simu nilikuwa tena kwa mama, na upole wote ulikuwa umemwisha: "Mwalimu, ndiye! Ndiye kabisa! Hajawahi kuandikwa kwamba yupo huko!"

Nilipiga kigelegele hadi majirani wakachungulia. Mama akaninyang'anya simu.

"Kamwene, baba," akamsalimu. "Sasa andika kwamba wapo Njombe. Ukitaka kuwaona, njoo, wako jikoni kwangu."