Mawese Kwenye Funguo za Gitaa

Gitaa la baba lilikuwa haliguswi. Lilining'inia ukutani sebuleni kwetu, mtaa wa Panda hapa Likasi, juu ya kabati la vyombo, na sisi watoto tulijifunza kulipita kwa mbali kama tulivyompita mbwa wa jirani. Mimi sasa ni mwanamke mzima, nashona nguo za watu na kutengeneza cherehani zao, na wanangu wanasoma, lakini bado nilikuwa naomba ruhusa kulifuta vumbi. Aliyekuwa haombi ni shangazi peke yake. Alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane, aliyetoka Mbuji-Mayi kuja kumalizia uzee wake kwetu. Akiona kitu kichafu anakisafisha, basi, na asiyependa akanune nje.

Baba alipiga gitaa kanisani tangu ujana wake, alipokuwa akifanya kazi kiwandani. Msimu ule wa baridi, Jumapili moja asubuhi na mapema, alishika funguo za kukazia nyuzi, zile za kichwani mwa gitaa, azizungushe kidogo kabla ya ibada. Zikagoma. Alijaribu zote, uso ukamtoka jasho na baridi yote ile, kisha akalirudisha gitaa ukutani na kwenda kanisani mikono mitupu. Jumapili iliyofuata ikawa vilevile. Mchana, jua likipanda, funguo zililegea kidogo, lakini nani anasali mchana? Yeye mwenyewe akaanza kusema mikono yake imekufa. Alikataa hata kufunga vifungo vya shati, eti hawezi, na mama akawa anamfunga.

Nyumbani kwetu mtu akiugua, swali la kwanza si anaumwa nini. Kikundi cha maombi kilikuja kikakaa sebuleni, na kiongozi wao akauliza: "Kabla ya ugonjwa huu, nani aliingia mu hii nyumba?"

Wote tulijua nani. Jirani mmoja akaongeza kwamba alimwona shangazi kwa macho yake amepanda kiti, chupa mkononi, anapaka kitu kwenye kichwa cha gitaa.

"Minye nilipaka mawese," shangazi akasema. "Mawese tu. Vile vyuma vilikuwa vinalia."

"Mawese ya nani?" kiongozi akauliza.

"Ya jikoni! Ya nani tena?"

Walicheka kwa huzuni, wanavyocheka watu waliokwisha kuamua. Nilisema huyu ni mama mzee, mwacheni, nikaambiwa na mimi niombewe. Baba alikuwa anaitazama mikono yake magotini. Kesho yake shangazi alifunga vitenge vyake, akapelekwa Kambove kwa mjukuu wa ndugu yake wa mbali, na mlangoni kwetu pakamwagwa maji ya baraka.

Baba aliendelea kutokupiga. Mwishowe akaniambia nilipeleke gitaa kwa vijana wa kwaya, hataki tena kuliona. Nililipitisha kwanza kwenye chumba changu cha kushonea, nilibadilishe mkanda uliochakaa. Ilikuwa asubuhi, umeme umekatika kama kawaida, bwawa la umeme la Koni liko pale pale karibu, na sisi tunashona kwa mguu. Bila kufikiri nikashika ufunguo mmoja, nikazungusha. Ukagoma na mimi.

Nilikaa chini. Mimi sijalogwa na mtu. Maombi yote yale, machozi yote yale, na hakuna hata mmoja wetu aliyenyoosha mkono ajaribu ufunguo mmoja, kwa sababu gitaa la baba haliguswi. Nilisikia hasira mpaka kichwa kikaniuma.

Nililegeza nyuzi, nikafungua skrubu ndogondogo nyuma ya kichwa. Kwenye vile vigurudumu vya meno palikuwa na utando mzito wa rangi ya chungwa, umeganda na vumbi, ule ule unaoganda shingoni mwa chupa ya mawese jikoni kila asubuhi ya Juni. Wateja wangu hunifanyia hivyo hivyo: wanapaka cherehani mawese, kisha wanakuja kulia kwamba imekufa. Nilisugua meno yote kwa mswaki na mafuta ya taa, nikakausha kwa kitambaa, nikatia tone la mafuta ya cherehani kwenye kila gurudumu, nikarudisha skrubu bila kuzikaza mno. Funguo zikazunguka kwa vidole viwili.

Nilimpelekea baba gitaa na kile kitambaa kichafu. Alikinusa. Alizungusha ufunguo, sauti ya uzi ikapanda, na akalia kama mtoto.

"Papa, tantine, dada yako, alisema kweli," nikamwambia. "Twende tumuchukue."

"Mungu ni mukubwa, mama," akanijibu, na akaendelea kukaza nyuzi.

Jumapili alisimama mbele kutoa ushuhuda. Alisema mikono yake imefunguliwa tangu adui alipotoka nyumbani. Kiongozi akaomba makofi. Nilisimama, nikasema kwa sauti ni mawese, nimeyasafisha mimi, shangazi yangu hakumloga mtu. Nilikuwa bado nasema baba alipoanza kupiga, kwaya ikamfuata, ngoma zikaingia, na sauti yangu ikafia pale. Alikuwa amekinusa kile kitambaa. Alijua. Sijamsamehe, na siombi nisaidiwe kumsamehe.

Nilikwenda Kambove mwenyewe. Nilimkuta shangazi amekaa uani nyuma ya nyumba ya wachimbaji anamoishi yule mjukuu, amekonda, anachambua maharagwe. Nilimweleza yote, mawese, mswaki, hata ushuhuda. Nikamwambia afunge vitu vyake, atakaa kwangu, baba akitaka asitake.

Aliniuliza kwanza: "Anapiga tena?"

"Anapiga."

Alitupa kando harage moja bovu.

"Mwana wangu, mikono yake ilipona minye niko mbali," akasema. "Kila muntu aliona. Nikirudi, siku kidole chake kimoja tu kitauma, bataniua."

Nilirudi Likasi peke yangu.