Baba Mkwe na Gari la Kivita

Kila Juni, siku waziri anaposoma bajeti, hoteli yangu ya chai hapa Lodwar hujaa wanaume kuliko kanisa siku ya Krismasi. Nina televisheni, na kikombe kimoja cha chai mtu anaweza kukikalia mpaka jua litue. Mimi nimetoka Magharibi, nimeolewa huku, na kwa miaka yote niliyosimama kando ya birika sijawahi kusikia pesa za jeshi zimeshuka. Za hospitali hupanda, hushuka, huugua, hata hupotea. Za jeshi hazishikwi hata na mafua. Ukiuliza zinanunua nini, unaambiwa hiyo ni siri ya taifa.

Baba mkwe wangu hakuwa akikosa bajeti. Ni mfugaji wa upande wa Lorugum, na pia polisi wa akiba: serikali ilimpa bunduki kuukuu alinde kijiji, ikasahau viatu. Alikuwa akiweka kigoda chake mbele ya televisheni, na waziri akishataja ulinzi ananigeukia.

"Mama, imepanda?"

"Imepanda, baba."

"Ejok," anasema, yaani vizuri. "Basi itafika kwetu."

Mimi nilikuwa nikicheka. Yeye hakucheka, kwa sababu mbuzi wake ndio waliokuwa karo, dawa na mahari ya vijana wake, na wezi wa mifugo walikuwa wameanza kuonekana milimani.

Mwaka juzi ikafika kweli. Gari la kivita, refu kuliko nyumba yangu, lilipita Lodwar likienda kulinda mifugo ya Lorugum, na vumbi lake tukalifuta mezani hadi jioni. Baba mkwe alifurahi mno. Akawachinjia askari beberu mnono, wakala, wakapiga picha. Kesho yake wakaamua kupitia kwenye laga, ule mto wetu mkavu, eti mchanga ulikuwa tambarare kuliko barabara. Hata punda wa huku husita kwanza. Gari likazama hadi tumboni.

Kiongozi wao akamwendea baba mkwe. "Mzee, wewe una bunduki. Tuangalizie gari, sisi tukatafute trekta mjini. Hapa si salama kulala."

Kwa baba mkwe, mali ya mgeni aliyekula kwako ni mzigo wako mpaka mwenyewe aje auchukue. Akaketi kwenye kivuli cha lile dude, bunduki mapajani.

Walikolala askari sijui, lakini asubuhi walikuwa kwangu. Waliagiza chapati kwa madondo, wakalalamikia chumvi. Trekta, walisema, liko Kakuma na mwenyewe yuko harusini. Nikauliza gari wameliacha na nani.

"Kuna mzee fulani analinda," mmoja akajibu, huku anatafuna.

Nilijua papo hapo ni mzee yupi.

Trekta lilipofika, gari halikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Zizi la baba mkwe lilikuwa tupu. Wezi walikuwa wameshuka kutoka mlimani wakasomba mbuzi wote, na yeye alisikia milio ya risasi kutoka pale alipokuwa ameketi. Hakuondoka. Kiongozi alimshukuru sana, akampa chupa ya maji. Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo hadi leo. Chapati zile, laiti ningejua, ningezikanda kwa mchanga wa laga.

Siku hizi baba mkwe analinda duka la nguo Kakuma, kwa rungu. Juni hii hakuja na kigoda chake. Waziri alipotaja ulinzi, simu yangu ikalia.

"Mama, imepanda?"

"Imepanda, baba."

"Ambia wao wasilete gari ingine," akasema. "Mimi sina mbuzi ya kuchinjia wao."